Picha Aliyokaa Baba Bila Kuwepo

Mwaka nilipomaliza darasa la nne mama alinichukua tukaenda Iringa kumwangalia mdogo wake aliyejifungua. Sisi tulikuwa watu wa milimani juu ya Mbeya, wakulima wa viazi na pareto, na safari ndefu kuliko zote nilizokuwa nimewahi kufanya ilikuwa ya kushuka sokoni mjini na kurudi. Kwenye pindo la kanga yake ya ndani mama alikuwa amefunga fedha za shule yangu. Nilikuwa nimefaulu kwenda shule ya kati ya wasichana, ya bweni, na mwalimu mkuu alitupa karatasi ya vitu vilivyotakiwa: blanketi, sanduku la bati, kitambaa cha sare. Mama alisema vitu hivyo ni rahisi Iringa kuliko Mbeya. Sijui nani alimwambia. Ninavyofikiri sasa, alikuwa anatafuta sababu ya pili ya kwenda huko, ili ile ya kwanza isionekane.

Sababu ya kwanza ilikuwa baba. Baba alikuwa dereva wa lori la tajiri mmoja, akipakia Tunduma na kupakua Dodoma, na Iringa ipo katikati. Zamani alikuwa akija nyumbani kila mwezi, halafu ikawa kila baada ya miezi miwili. Kijiji kizima kilijua kwamba Iringa kuna mwanamke mwingine. Mzee wa kanisa alikuwa amekuja nyumbani mara mbili kuzungumza na baba, na baada ya mara ya pili baba akazuiwa kushiriki meza ya Bwana. Mama mwenyewe hakuwahi kulitamka neno hilo mbele yangu. Mimi nililisikia kisimani. Mama alikuwa amezaa watoto wanne, nikabaki mimi peke yangu, na nadhani watu walimhurumia kwa hayo mawili pamoja, naye hakupenda kuhurumiwa.

Mama mdogo alikuwa akikaa mtaa wa Mlandege. Siku ya tatu tulitoka kwenda madukani kutafuta sanduku. Karibu na soko kulikuwa na duka la mpiga picha, lenye dirisha kubwa la kioo, na ndani ya dirisha picha zimepangwa ili wapita njia wazione: askari aliyevaa nishani, bwana na bibi harusi, ukoo mzima wa Kihindi wamemzunguka bibi kizee aliyeketi. Mimi ndiye niliyesimama kwanza. Katikati ya picha hizo alikuwa baba.

Alikaa kwenye kiti chenye mikono ya kuchonga, amevaa koti. Nyuma yake alisimama mwanamke mwembamba, mkono wake begani kwake. Mtoto mdogo wa kiume alikuwa amebebwa na mwanamke huyo kwa mkono wa pili. Upande wa kushoto alisimama msichana wa kimo changu kabisa, amevaa viatu vyeupe na soksi, na mkono wake ulikuwa juu ya goti la baba. Picha ilikuwa imepakwa rangi. Gauni la yule msichana lilikuwa la buluu na mashavu yake mekundu kidogo, nami niliamini kwamba ndivyo alivyo.

Ningependa kusema kwamba nilimkasirikia baba kwa ajili ya mama. Sikumkasirikia. Niliuangalia ule mkono tu. Kwetu baba alipofika, mtoto wa kike alipiga magoti kwa mbali, akaamkia, akapokea mzigo, akaondoka. Sikuwahi kuligusa goti la baba. Sikuwa najua kwamba goti la baba ni kitu ambacho mtu anaweza kuegemea.

Mama aliitazama picha hiyo muda mrefu, mpaka mwanamke mmoja akatusalimia kwa Kihehe, kamwene, akapita, na mama hakuitikia. Kisha akaingia ndani, nami nikamfuata.

Duka lilikuwa la mzee wa Kihindi mwenye miwani, mtu mkimya, aliyekuwa akitokea nyuma ya pazia na kurudi tena. Aliyezungumza na wateja alikuwa mtu mwingine, Mwafrika aliyevaa tai, mtu wa Tanga. Kiswahili chake kilikuwa cha pwani, laini, hakikwami popote. Mama hakujua Kiswahili zaidi ya kile cha sokoni, kwa hiyo ilibidi mimi niwe katikati. Maneno yote ya mwenye tai yalipita kinywani mwangu kabla hayajamfikia mama, na ya mama vilevile. Hilo ndilo jambo ambalo mpaka leo sijalimaliza moyoni.

Mama alitaka niulize swali moja, picha ile ilipigwa lini. Mwenye tai hakulijibu. Alivuta viti viwili, akasema kukaa hakulipiwi, akatuletea chai. Alikuwa ametuona tangu tukiwa nje, na alikuwa ameona macho yetu yalikuwa wapi. Akaitoa ile picha dirishani, akaifuta vumbi kwa kiganja, akamwekea mama magotini.

Aliuliza kama mama anaifahamu familia hii. Mama akaniambia kwa Kisafwa, mwambie namfahamu mwanamume. Nikamwambia. Basi nikaona uso wa yule mtu ukitulia, kama mtu aliyekuwa akipapasa gizani akashika kitasa cha mlango.

Tangu hapo hakutusukuma hata kidogo. Alisema kwa upole, tena kwa huruma. Alisema mama wa kwenye picha hii ni mama anayejua thamani yake. Alipoonyeshwa picha ndogo alisema hapana, akataka kubwa, ya rangi, na fremu. Akauliza nyumbani kwetu Mbeya kuna picha ya ukubwa gani. Nikatafsiri. Mama akasema hakuna. Mwenye tai akatikisa kichwa taratibu, kama aliyepewa habari ya msiba. Akasema maneno ambayo niliyatafsiri vizuri kuliko yote niliyotafsiri siku ile, kwa sababu yalinichoma mimi pia:

"Mama, mgeni akiingia nyumba ya kule, ukutani anamwona bwana. Akiingia kwako anaona udongo. Sasa huyo mgeni atajuaje nyumba ipi ina mwenyewe?"

Mama aliiweka picha kwenye meza, uso chini. Akaniambia, mwambie tunashukuru kwa chai, tunakwenda.

Nilikuwa nimeshaona viatu. Vilikuwa chini ya benchi, viatu vyeupe vya msichana, na soksi zimekunjwa ndani yake. Vilikuwa vilevile. Nilielewa palepale kwamba havikuwa vya yule msichana, kwamba ni vya duka na kila anayepigwa picha huvaa, lakini kuelewa hakukunisaidia kitu. Vilikuwa vimekwisha kaa miguuni mwake karibu na baba, na mimi nilivitaka. Nikamgeukia mwenye tai, nikasema, "Mama anauliza kama na sisi tunaweza kupigwa."

Mambo yakaenda haraka. Mwenye tai alimpa mama koti fupi la kike la kuvaa juu ya kanga, akamfunga kitambaa kichwani upya. Mama alinitazama kuuliza, nikamwambia wanasema ni bure kujaribu. Viatu vilikuwa vikubwa. Vilijazwa pamba mbele. Nyuma yetu kulikuwa na pazia lililochorwa nguzo na maua ya nchi nyingine. Mwenye tai alimsimamisha mama upande mmoja na mimi upande mwingine, na katikati akaweka kile kiti chenye mikono ya kuchonga, bila mtu. Mama aliuliza kiti ni cha nani. Nikauliza. Akasema ni cha kuleta uzuri.

Mzee wa miwani akaingia chini ya kitambaa cheusi cha kamera yake, akatupiga mara mbili, akatoka na vioo vyake vya kunasia picha. Tulingoja. Baadaye mwenye tai alikuja ameshika kioo kingine, cha zamani, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha. Kwenye kioo hicho vyeupe vilikuwa vyeusi na vyeusi vyeupe, lakini nilimjua baba hata hivyo, kwa masikio yake.

"Bwana tunaye hapa," alisema. "Hahitaji kusafiri. Tunamtoa huku, tunamkalisha kwenye kiti chenu."

Nilimtafsiria mama. Akauliza kama inawezekana kweli kumtoa mtu mahali alipokaa. Mwenye tai akasema inawezekana, kazi yake ni ngumu, inahitaji karatasi nzuri na siku nyingi, na picha ya namna hiyo haipigwi ndogo. Inapigwa kubwa kuliko ile ya dirishani.

Hapo mzee wa miwani akamwambia neno kwa Kihindi, neno fupi, halafu akatugeukia sisi. Kiswahili chake kilikuwa kama cha mama, cha kuhesabu maneno. Akasema, "Mama aende nyumbani kwanza. Afikiri. Picha si chakula."

Mama akaniuliza, mzee anasema nini?

Mwenye tai naye alikuwa ananiangalia. Hakungoja nimjibu mama. Aliinama mpaka uso wake ukawa sawa na wangu, akasema vioo vya zamani huoshwa kwa maji ya moto ili vitumike kwenye fremu, na hiki zamu yake ni wiki hii. Kikioshwa, baba ametoka. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya mjomba, "Binti, wewe hutaki kukaa na baba yako?"

Nilisema nataka. Mama nikamwambia kwamba mzee anasema tuamue leo.

Akafungua pindo la kanga. Nilijua ni fedha gani, naye alijua kwamba ninajua. Hakuniangalia, na mimi sikumzuia. Alipomaliza kulipa alifunga lile pindo tena kwa uangalifu, kama bado lina kitu, tukatoka bila kupita duka la masanduku.

Tulirudi Mbeya, na mama akamwambia mwalimu mkuu kwamba nitakwenda shule mwaka ujao. Alisema pareto haikulipa. Mwalimu mkuu alisikitika, akaandika barua ya kuniombea nafasi, na mimi nikabaki nikilima na mama, na hatukulizungumza.

Picha ilifika baada ya wiki saba au nane, na aliyeileta alikuwa baba. Mwenye tai alikuwa na desturi ya kuwapa madereva mizigo ya Mbeya, na mzigo huu alimpa dereva aliyekuwa anajua pa kuufikisha. Baba aliuingiza ndani chini ya kwapa, umefungwa kwa karatasi ya kahawia na kamba, akasema kuna mtu amempa, haelewi ni nini. Mama alimkaribisha, akampa maji ya kunawa, akamwekea viazi na maziwa ya mgando, akangoja ale ashibe. Kisha akaufungua mbele yake.

Baba alijiangalia. Tulikuwa watatu. Mama amesimama kulia, mimi kushoto, na yeye katikati kwenye kiti, amevaa lile koti. Alikuwa mkubwa kidogo kuliko sisi, kama mtu aliyesogea karibu na mwenye kamera peke yake. Mwanga ulikuwa unatupiga sisi upande mmoja wa uso na yeye upande mwingine. Begani kwake kulikuwa na kivuli pale mkono wa yule mwanamke ulipofutwa. Na kwenye goti, ingawa walikuwa wamepaka rangi nyeusi, vilionekana vidole vinne vidogo. Walikuwa wamemtoa yule msichana mzima wakasahau vidole.

Aliviona. Nilimwona akiviona. Akapitisha kidole gumba juu yake, mara moja.

"Nilikaa lini hapa?" aliuliza.

Mama alikuwa akiondoa vyombo. "Wewe ni mtu wa safari nyingi," alisema. "Utakumbuka yote?"

Baba akaniuliza mimi kama tulikwenda Iringa. Nikasema ndiyo. Akauliza tena, kwa sauti ya chini, mbona sijakwenda shule, muda si umepita. Mama ndiye aliyejibu. Alinyoosha mkono kwenye ile picha akasema, "Hiyo ndiyo shule yake."

Baba alisimama, akatoka nje akaanza kukagua magurudumu ya lori. Aliyazunguka yote, moja baada ya jingine, akiyagonga kwa chuma, na magurudumu yalikuwa mazima. Asubuhi aliondoka mapema. Hakugomba wala hakuomba radhi, na tangu siku hiyo hakuwahi kukaa upande wa chumba unaotazamana na picha.

Mama aliitundika mbele ya mlango, ili kila anayeingia akutane nayo. Wanawake wa kanisani walikuja kuiona, mmoja mmoja, kila mmoja na kisingizio chake. Mmoja alisema, "Kumbe mlikwenda wote." Mama akasema, "Tulikwenda." Nilimwona akipanua mabega. Kwa miezi mingi alitembea hivyo, na nisingetaka mtu yeyote amcheke, kwa sababu nilikuwa sijamwona akitembea hivyo kabla.

Lakini mimi sikuipata furaha yangu. Kila nilipobaki peke yangu ndani nilipanda kigoda nikatazama goti. Nilikuwa nimevaa viatu vya yule msichana, nimesimama mahali pake, na bado mkono uliokuwa juu ya baba haukuwa wangu. Siku moja nilichukua sindano nikajaribu kuvikwangua vile vidole. Rangi nyeusi ilitoka, ikaja nyeupe ya karatasi, na goti la baba likawa na tundu. Nilipaka masizi. Mama aliona siku ileile, akaangalia tundu, akaniangalia mimi, akaendelea kumenya viazi.

Mwaka uliofuata nilikwenda shule. Blanketi na sanduku alinunua baba, akavileta bila kuambiwa. Wiki ya kwanza, tukiwa kwenye foleni ya uji, msichana wa darasa la juu alinijia moja kwa moja, akasimama mbele yangu akitabasamu. Nilimjua kabla hajasema neno. Mashavu yake hayakuwa mekundu.

"Wewe ni wa Mbeya," alisema. "Nilikuwa nakuangalia kila asubuhi."

Aliniambia kwamba baada ya picha yao kuondolewa dirishani iliwekwa nakala ya yetu. Njia yake ya shule ya kutwa, kabla hajahamia bweni, ilipita hapo. Mama yake alipoiona alikwenda kumgombeza yule mwenye tai, akakaa humo ndani nusu ya siku, akatoka ameagiza nyingine kubwa kuliko yetu, na cherehani yake ikauzwa kuilipia. Alisema hata ile ya kwanza mama yake hakuitaka. Alikuwa amekwenda kutafuta picha ndogo tu ya kupelekea wazazi wake Idodi, lakini mwenye tai alimwambia mke wa Mbeya amekwisha chukua kubwa, ya rangi, na fremu.

Nilimwambia wakati ule sisi hatukuwa tumefika Iringa hata siku moja. Tulirudi nyuma tukapima kwa miezi na misimu ya mvua, na ilikuwa kweli. Yule mtu hakuwa anatujua. Alikuwa ameuliza tu, kama anavyomuuliza kila mke wa dereva, kama bwana ana nyumba nyingine, na iko wapi.

Mwenzangu alicheka mpaka uji ukamwagika. Alikuwa mtu wa kucheka. Nami ningecheka naye, nadhani, kama asingeendelea kuzungumza. Aliniambia habari za baba kama mtu anayegawa karanga. Kwamba baba hupenda kuimba anaponyoa ndevu. Kwamba siku za Jumapili humpakata kwenye lori, wakazunguka uwanja wa mpira, yeye akishika usukani. Nilikuwa sijui kama baba anaimba. Ndani ya lori lile nilikuwa sijawahi kupanda.

Kisha akauliza kama picha yetu bado ipo, likizo angependa kuja Mbeya aione kwa karibu, na kumwamkia mama.

"Imeliwa na mchwa," nilisema.

Alisikitika kweli. Alisema atamwomba baba atupeleke siku moja wote, mama zetu wote wawili, tupigwe upya. Nikasema sawa, nikijua kwamba haitakuwa.

Tulikuwa tumezaliwa mwaka mmoja, mimi nikimtangulia kwa miezi michache, lakini kwa kuwa alikuwa darasa la juu, bweni zima liliniita mdogo wake. Niliitikia. Lori la baba lilipopita njia kuu alikuwa akisimama, akimwachia mlinzi wa shule mfuko wa sukari wenye jina la mwenzangu tu. Labda alijua tutagawana. Naye aligawa kila mara, bila kuombwa, akinipimia nusu yangu kwenye kikombe mpaka inafurika. Niliila yote, na sikumwambia asante hata mara moja.